UZI: Pango nafuu Marekani. Kabla ya kuuliza kama Section 8 imefunguliwa, jua kwanza familia yako inaingia wapi

MamaPacha_KY (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, hodi humu.

Kila wiki napata ujumbe uleule, uwe umetoka hapa kwetu Lexington, Louisville, Columbus, Phoenix au Dallas: "Dada, Section 8 imefunguliwa?" Yaani orodha ya vocha ya serikali inayosaidia kulipa pango. Nami hujibu kwa kuuliza. Nyumbani mko wangapi? Mnaingiza kiasi gani kabla ya makato? Karatasi zenu za uhamiaji ni zipi? Mnaishi kaunti gani? Baadhi wanaona nawazungusha. Siwazungushi. Hayo manne ndiyo yanayoamua mnastahili nini, na asiyeyajua anaweza kukaa miaka akingojea mlango mmoja huku mitatu mingine iko wazi.

Mimi si wakili wala si kesiwoka (mfanyakazi wa ofisi za msaada). Nilitoka kambi ya Nyarugusu na wanangu, na tangu nilipojua Kiingereza cha kutosha nimekuwa nikienda na majirani kwenye ofisi za nyumba kuwatafsiria. Niliyoyaona huko ndiyo naandika hapa.

La kwanza: msaada wa nyumba si kama fudistempu, ule msaada wa serikali wa chakula. Fudistempu ukistahili unapewa. Nyumba ukistahili unapanga foleni, kwa sababu fedha inayotengwa haiwatoshi wote. Kwa makadirio yanayotumika sana, familia moja tu kati ya nne zinazostahili ndiyo inayopata msaada wa pango wa serikali kuu. Kwa hiyo kuambiwa "unastahili" na kupata ufunguo ni mambo mawili, na anayejiandikisha kwenye orodha moja tu anajipunja mwenyewe.

La pili ni vikomo vya kipato. Kila mwaka wizara ya nyumba, HUD, hutoa jedwali la kila eneo. Wanakadiria kipato cha kati cha familia za eneo hilo, kisha wanachora mistari mitatu: 80%, 50%, na kundi la chini kabisa ambalo huitwa la 30%. Nyumba za umma, zile zinazomilikiwa na mamlaka ya nyumba yenyewe, zinapokea hadi 80%. Vocha, ambayo ndiyo watu wengi huiita Section 8, kwa kawaida ni hadi 50%. Lakini sikilizeni hapa: sheria inaitaka mamlaka itoe 75% ya vocha mpya za mwaka kwa lile kundi la chini kabisa. Ndiyo maana mtu mwenye 48% anaweza kustahili kabisa na bado akaona wengine wanaitwa kabla yake. Si lazima awe ameonewa.

Jedwali hilo linajengwa juu ya familia ya watu wanne. Mtu mmoja anapewa 70% ya kikomo hicho, wawili 80%, watatu 90%. Ukizidi wanne, kila kichwa kinaongeza 8%: watano 108, sita 116, saba 124, wanane 132. Jedwali lililochapishwa huishia wanane, na wengi wetu tuko tisa au kumi. Msidhani mmetolewa nje. Endeleeni kuongeza 8% kwa kila mtu. Na mama mjamzito amtaje mtoto aliye tumboni, naye huhesabiwa.

La tatu, "kipato" maana yake ni kabla ya makato yoyote. Watu wanaangalia kinachoingia benki, wanaandika hicho, halafu ofisi inaona hati za mshahara na namba hazilingani. Mshahara wa kila mtu mzima ndani ya nyumba unaingia. Ulioupata mtoto wa chini ya miaka 18 kwa kufanya kazi hauhesabiwi. Fudistempu hazihesabiwi. Na hili linauma, lakini lazima niliseme: hela unayomtumia mama yako Uvira au ndugu aliyebaki kambini haipunguzwi. Mbele yao ni kama umekula wewe yote.

Kwenye vocha na nyumba za umma unalipa takriban 30% ya kipato chako baada ya punguzo lao. Punguzo la kila mtegemezi lilikuwa dola 480 kwa mwaka kwa muda mrefu na sasa linarekebishwa kufuata bei, kwa hiyo namba za hapa ni za mfano. Chukua baba na mama wenye watoto wanne na dola 3,000 kwa mwezi. Mwaka mzima 36,000, toa 1,920 za watoto, zinabaki 34,080. Kwa mwezi ni 2,840, na 30% yake ni 852. Baba akipunguziwa saa kazini, kipato kikashuka hadi 1,800 kwa mwezi, sehemu yenu inashuka hadi 492. Pango linafuata kipato.

Kuna aina nyingine ambayo watu wetu hawaijui, nayo ndiyo iliyoniokoa mimi. Ni majengo ya watu binafsi yaliyojengwa kwa punguzo la kodi ya serikali (kodi ya mapato, si kodi ya pango), mpango ulioanza 1986. Kwenye mabango huandikwa "Tax Credit" au "60% AMI" (AMI ni kipato cha kati cha eneo). Hapo pango halifuati kipato chako. Limewekwa kulingana na kipato cha kati cha eneo, na mara nyingi liko chini ya bei ya soko. Kikomo huwa 50% au 60%, na tangu 2018 majengo mengine yana vyumba vya hadi 80%. Huendi mamlaka ya nyumba. Unaenda ofisi ya jengo lenyewe, unauliza, unaandikishwa. Kila jengo lina orodha yake, na kuna majengo ambayo orodha ni ya miezi tu. Ubaya wake ni kwamba ukipunguziwa saa kazini, pango halishuki, na wengine wanataka uwe na kipato cha chini cha kiasi fulani ndipo wakuchukue.

Halafu kuna majengo ambayo msaada umefungwa kwenye nyumba yenyewe, ukihama unauacha nyuma. Kuna ya wazee wa miaka 62 na zaidi, kuna ya watu wenye ulemavu, na vijijini kuna yale ya wizara ya kilimo. Waliokwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama miji midogo, ulizieni hayo ya wizara ya kilimo. Yako, na si watu wengi wanaoyauliza.

Mwisho, la kwangu mwenyewe. Nilikaa kwenye orodha ya vocha miaka mitatu. Katikati nikahama apatimenti. Barua ya kuniita ikaenda anwani ya zamani, sikujibu, nikafutwa. Nilipokwenda kuuliza, orodha ilikuwa imeshafungwa. Nilisimama pale kaunta na pacha wangu wamenishika sketi, nikakosa hata neno la kusema. Kila unapohama au kubadilisha simu, nenda na karatasi ukawaandikishe, na uombe nakala yenye muhuri au tarehe. Tafadhali.

Leteni maswali. Nisilolijua mwingine atalijua.

---

Mtanganyika_Texas

Dada asante kwa uzi huu. Naongezea kuhusu vocha. Kupata vocha si kupata nyumba. Unapewa angalau siku 60 za kutafuta mwenye nyumba atakayeikubali, unaweza kuomba kuongezewa. Mimi nilipiga simu hadi sauti ikakauka, kila mmoja "hatuchukui vocha". Hapa Texas sheria ya jimbo ya 2015 inaizuia miji kuwalazimisha wenye nyumba. Kuna majimbo mengine ambako kukataa mtu kwa sababu ya vocha ni kosa, New Jersey na Massachusetts kwa mfano. Mtu ajue yuko wapi kabla hajaanza kulia.

---

MamaPacha_KY

Kweli kabisa, mkuu. Na Kentucky yetu imefuata njia hiyohiyo ya Texas mwaka 2024, ile kinga waliyokuwa nayo watu wa Louisville ikaondoka. Lakini shika hili: majengo ya punguzo la kodi hayaruhusiwi kukukataa kwa sababu tu una vocha. Hiyo ni sheria ya nchi nzima. Kwa hiyo mwenye vocha aanzie huko, asianzie kwa wenye nyumba wa kawaida. Wewe ulipata wapi hatimaye?

---

Mtanganyika_Texas

Hukohuko. Jengo la punguzo la kodi, siku ya 71, baada ya kuongezewa muda. Laiti ningesoma uzi huu kabla.

---

MamaWaSaba

Jambo mama. Aksanti kwa kutueleza kwa luga yetu. Sisi tuko tisa nyumbani, mimi, bwana yangu na watoto saba. Bwana anatumika kwa ghala, analipwa 3,100 kwa mwezi mbele ya makato. Mtoto wetu wa kwanza yuko na miaka 19, anasoma koleji mchana, usiku anatumika, analipwa kama 1,900. Jirani alituambia tumepita kipimo, hatuwezi kitu. Tukaacha. Pango imepanda hata mara mbili tangu tufike. Ni kweli tumepita?

---

MamaPacha_KY

Mama, usiache bado. Jirani alikuwa na nia njema lakini nadhani amekosea hesabu. Niulize kwanza: huyo kijana koleji anasoma muda wote, au masomo mawili matatu tu?

---

MamaWaSaba

Muda wote. Karatasi ya shule imeandika full-time.

---

MamaPacha_KY

Basi shika kalamu.

Jirani alichukua 3,100 na 1,900 akapata 5,000, mara kumi na mbili 60,000. Mtu mzima aliye mtegemezi na anayesoma muda wote, mshahara wake hauhesabiwi wote. Kinahesabiwa kiasi kidogo tu kinacholingana na lile punguzo la mtegemezi, tuseme 480 kwa mwaka. Kingine chote kinaachwa. (Sheria hii haimhusu baba wala mama mwenye nyumba akiwa ndiye mwanafunzi. Ni kwa watoto wakubwa kama huyu wako.) Kwa hiyo kipato chenu ni 37,200 za baba, jumlisha 480, ni 37,680.

Sasa kikomo. Sijui kaunti yenu, kwa hiyo natumia namba ya mfano: tuseme kikomo cha 50% cha watu wanne kwenu ni 42,000. Mko tisa. Wanane ni 132%, wa tisa anaongeza 8, mnafika 140%. Hiyo ni 58,800. Kwa hesabu ya jirani mmezidi kwa dola 1,200. Kwa hesabu ya sheria mko chini kwa zaidi ya elfu ishirini.

Bado kuna kingine. Lile kundi la chini kabisa, linalopewa zile 75% za vocha mpya, kikomo chake ni 30% ya kipato cha kati AU mstari wa umaskini wa taifa, kikubwa kati ya viwili, mradi kisipite kile cha 50%. Mstari wa umaskini wa watu tisa uko juu. Mwaka 2025 ulikuwa 59,650. Kwa hiyo kwenye mfano huu familia yenu iko kwenye kundi la chini kabisa. Familia kubwa zetu nyingi ziko humo bila kujua.

Na mkipata, wategemezi saba ni punguzo la 3,360. Zinabaki 34,320, kwa mwezi 2,860, sehemu yenu ni kama 858. Chukueni barua ya koleji yenye tarehe, hati za mshahara za baba na za kijana, vyeti vya kuzaliwa au I-94 (karatasi ya kuingia nchini) za wote, na kadi za Sosho (Social Security). Msimfiche kijana. Mwandikeni, na mshahara wake muuandike, kisha barua ya shule ifanye kazi yake.

---

MamaWaSaba

Mungu akubariki mama. Ninamusomea bwana yangu sasa hivi.

---

KimyaKingi

Habari za humu. Mimi niliomba hifadhi, kesi haijasikilizwa, huu mwaka wa tatu. Mke wangu hali ni hiyohiyo. Tuna watoto wawili, wote wamezaliwa hapa. Kazi ninayo, kibali cha kazi ninacho. Je, kuna chochote kwa ajili yetu au nisome tu nipite?

---

MamaPacha_KY

Usipite kaka.

Kwa vocha, nyumba za umma na majengo yenye msaada uliofungwa, kuna sheria ya 1980 inayotaja hali za uhamiaji zinazostahili: raia, wenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), wakimbizi, waliokwisha kupewa hifadhi, na wengine wachache. Aliyeomba tu na anangoja hayumo, hata akiwa na kibali cha kazi. Lakini watoto wako ni raia. Familia yenu inaitwa mchanganyiko, na msaada unakatwa kwa uwiano. Mko wanne, wawili wanastahili, kwa hiyo mnapata kama nusu ya msaada ambao mngepata wote mngestahili. Ninyi wazazi mnasema tu hamdai hali inayostahili. Kamwe usitie sahihi kwamba wewe ni raia au una hali usiyokuwa nayo. Hilo linaweza kuharibu kesi yako yote ya hifadhi. Na kabla ya kujaza fomu yoyote ya namna hii, mwoneshe wakili wako, maana mambo ya uhamiaji yanabadilika haraka siku hizi.

Majengo ya punguzo la kodi, sheria ya nchi haiulizi hali ya uhamiaji. Jengo litaangalia kipato, historia ya pango na mambo yake mengine. Ningekuwa wewe ningeanzia huko kesho asubuhi.

---

WaKisauni

Na hapo kwa wanafunzi mwangalie vizuri. Mimi na mwenzangu wa Mombasa tulikataliwa jengo la punguzo la kodi hapa Houston kwa sababu sote wawili tulikuwa wanafunzi wa muda wote. Nyumba ikiwa na wanafunzi watupu haikubaliwi, isipokuwa kwa sababu maalumu, kama mume na mke wanaojaza ripoti ya kodi pamoja, au mzazi mmoja mwenye watoto. Akiwemo hata mtu mmoja asiye mwanafunzi, hapo sheria hiyo haiwagusi. Kwa hiyo yule Mama wa Saba asiogope, baba si mwanafunzi.

---

DadaMwanza

Shikamooni wakubwa. Mama yangu amefikisha 66, ana grinikadi, anaishi na mimi na mume wangu na kipato chetu sote kinahesabiwa pamoja, tumezidi. Je, mama anaweza kuomba peke yake?

---

MamaPacha_KY

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo. Akiomba nyumba ya kukaa peke yake, familia ni yeye tu, na kipato ni chake tu. Ila kama mnampa hela mara kwa mara, kila mwezi, hiyo inahesabiwa kama kipato chake, muitaje. Tafuta majengo ya wazee wa 62 kwenda juu, mengi yanamtoza 30% ya alichonacho. Muulize mama mwenyewe kwanza, hata hivyo. Nimewaona wazee wetu wakipelekwa kwenye majengo hayo, hakuna anayejua Kiswahili, anakaa dirishani kutwa nzima. Ukipata jengo ambalo kuna hata bibi mmoja wa kwetu, hilo lina thamani kuliko lenye zulia jipya.

---

Mtanganyika_Texas

Wakuu, kuna jambo la matapeli. Mjini kwetu kuna mtu alikuwa anauza fomu za Section 8 kanisani, dola 200 kila familia. Wajane wametoa. Fomu hiyo ni bure, imekuwa bure siku zote.

---

MamaPacha_KY

Iandikwe kwa herufi kubwa: ORODHA YA VOCHA NA NYUMBA ZA UMMA HAILIPIWI. Jengo la punguzo la kodi linaweza kutoza ada ndogo ya kukagua historia yako, na hiyo unalipa ofisini kwa jengo, unapewa risiti. Anayekuahidi kukupandisha kwenye foleni kwa hela ni mwizi.

Ukitaka kujua nani ana nini mahali ulipo, piga 211. Ni bure, sema "Swahili" wakutafutie mkalimani. Mamlaka ya nyumba nayo muulize mkalimani, usimpeleke mtoto wa darasa la tano akatafsiri mambo ya mshahara wa baba yake.

Na ulizeni kila ofisi wana vipaumbele gani. Wengine wanatanguliza wanaoishi au kufanya kazi kwenye mji huo, wengine wasio na makazi, wazee, wenye ulemavu. Mtu anaweza kuwa na kipaumbele na hakuweka alama kwenye kisanduku chake, akasubiri miaka bure.

---

KimyaKingi

Dada, na mgeni je? Mdogo wangu anakuja wiki ijayo kutoka Kakuma, nitakaa naye.

---

MamaPacha_KY

Soma mkataba wako wa pango unasema mgeni akae siku ngapi. Mingi inataja siku, kumi na nne mara nyingi. Akizidi, nenda ofisini uombe aongezwe kwa maandishi. Najua kwetu ndugu hafungiwi mlango, nami sikuambii umfungie. Lakini nimeona familia ya watu wema ikipoteza msaada kwa sababu ya shemeji ambaye hakuandikwa, na baadaye wote pamoja na huyo shemeji wakalala kwenye gari. Mwandikishe mapema. Mkiwa kwenye msaada, kipato chake kitaingia kwenye hesabu, pango litapanda kidogo, mtakuwa salama.

---

MamaWaSaba

Mama, nimerudi. Tulienda jana na barua ya koleji. Yule dada wa kaunta aliangalia, akaenda kuuliza mkubwa wake, akarudi akasema mshahara wa kijana hawauhesabu wote. Vocha orodha imefungwa, lakini nyumba za umma iko wazi kwa vyumba vinne na vitano, kwa sababu ni familia chache zinazoomba hizo. Wametuandika. Halafu tukapita majengo mawili ya punguzo la kodi, moja wametuandika, lingine vyumba vikubwa hawana. Nimewaomba karatasi yenye tarehe kama ulivyosema. Sasa ninauliza: anwani niandike ya hapa au ya posta ya kanisa? Kwa sababu hapa labda tutahama mwezi wa sita.

---

MamaPacha_KY

Mama, nimefurahi hadi nimeinuka kwenye kiti. Anwani ya makazi andika ya hapo mnapokaa. Anwani ya barua, kama kanisa wanakubali na kuna mtu mnayemwamini anayefungua sanduku kila siku, andika ya kanisa. Na mwezi wa sita mkihama, siku ileile rudi kwenye ofisi zote mbili uwaambie. Usingoje mmalize kufungua mizigo.